Unalaza gari winta yote Uingereza? Soma hii kabla hujapanda ndege

Kila ikikaribia Disemba napigiwa simu ile ile. Mtu anaenda nyumbani miezi miwili mitatu, Tanga, Mombasa, Kigoma, popote, keshakata tiketi, keshafunga mizigo na zile kilo za zawadi zisizoisha, halafu usiku wa kuamkia safari ndo anakumbuka, "eti na hii gari naiachaje?" Na jibu ambalo wengi tunajipa wenyewe ni kwamba gari imelala, haitembei, basi haidaiwi kitu. Hapo ndo tunapopigwa.

Tatizo ni mazoea ya kwetu. Bongo ile rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari inaweza kukaa uani miaka mitatu imefunikwa turubai, kuku wanatagia humo, na hakuna anayekufuata. Bima nayo unaikumbuka siku unayotoka barabarani maana ndo siku utakayokutana na trafiki. Kenya mtu ananunua bima ya mwezi mmoja, mwezi ukiisha anaipaki mpaka apate hela. Uingereza gari inadaiwa kwa sababu ipo kwenye daftari la DVLA, ofisi ya serikali ya kusajili magari kule Swansea, iwe inatembea au imekufa betri. Jina lako likiwa kwenye logibuku, ile kadi ya usajili wa gari, wewe ndo unayejulikana, na kila siku ya Mungu gari lazima iwe kwenye hali moja kati ya mbili: ama ina kodi na bima, ama umeitangaza kwamba haipo barabarani. Hakuna hali ya tatu ya "ipo ipo tu".

Kutangaza huko ndo kunaitwa SORN. Ipo tangu 1998, ni bure kabisa, inachukua kama dakika tatu mtandaoni. Zamani ulikuwa unaitangaza upya kila mwaka, siku hizi ukiweka mara moja inakaa mpaka uilipie gari kodi tena, uiuze, uipeleke kuchinjwa chuma chakavu, au uitoe nchini moja kwa moja.

Mimi winta yangu ya kwanza sikujua hata hilo neno. Nilienda nyumbani miezi mitatu, gari nimeipaki mtaani mbele ya fleti, bima ikaisha katikati ya Januari mimi niko Pangani nakula pweza, nikasema si inaisha tu, nitakata nyingine nikirudi, kwanza nimeokoa. Nimerudi Machi nakuta rundo la barua mlangoni, jamaa tuliyekuwa tunakaa naye kazipanga vizuri kabisa kama magazeti wala hajafungua hata moja. Barua ya kwanza ilikuwa onyo, gari yako haionekani kwenye daftari la bima. Ya pili ilikuwa faini paundi 100. Onyo nililipata siku moja na faini, na hakuna wa kumlaumu zaidi ya mimi na pweza wangu.

Hiyo sheria ipo tangu 2011. Kabla ya hapo ulikuwa unakamatwa ukiendesha bila bima, sasa hivi kuwa na gari tu ambayo haina bima na haina SORN ni kosa, haijalishi imelala wapi. Kompyuta inalinganisha daftari la magari na daftari la bima, inatoa majina. Faini ni 100, ukikaidi gari inaweza kufungwa mnyororo na kukokotwa, kesi ikifika mahakamani inaweza kupanda mpaka 1,000. Na ukilipa ile 100 haimaanishi umemaliza, bado unatakiwa uikatie bima au uiwekee SORN, la sivyo zinaendelea kuja.

Gari italala wapi?

Hili ndo swali la kwanza kabla ya yote na ndo linalowatoa wengi kwenye mchezo. SORN maana yake gari haipo kwenye barabara ya umma. Uwanjani kwako mbele ya nyumba sawa, gereji sawa, uwanja wa shemeji yako sawa pia hata kama anakaa mji mwingine, hawakulazimishi iwe kwenye anwani ile ile ya logibuku. Mtaani hapana. Hata kama una kibali cha kupaki cha kanso (halmashauri), hata kama ni mbele ya dirisha lako, hata kama umepaki hapo miaka sita hakuna aliyekusema, mtaani ni barabara. Tairi mbili zikiwa uwanjani na mbili zikiwa kwenye njia ya miguu, hiyo usijaribu.

Wanaokaa fleti zenye pakingi ya pamoja muulizeni anayesimamia jengo kabla hamjafanya chochote, kuna sehemu wameandika kabisa kwenye mkataba wa nyumba kwamba gari isiyo na kodi haikai pale, na wana kampuni yao ya kutoa faini.

Kwa hiyo kama huna sehemu binafsi na huna mtu wa kukuazima uwanja, acha habari ya SORN, rukia kule chini kwenye bima. Gari yako itabaki na kodi, bima na MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, muda wote uko safari, basi. Na MOT usiisahau maana kuna watu wanadhani MOT ni ya kuendeshea tu, gari ikiwa imepaki mtaani na MOT imeisha nayo ni kosa. Unaruhusiwa kuipima mapema mpaka mwezi mmoja kasoro siku moja kabla haijaisha, na tarehe yako ya mwaka kesho inabaki ile ile hupotezi kitu, sasa kama yako inaisha Januari na unaondoka Disemba mwishoni unangoja nini.

Piga hesabu kwanza, usiwe na haraka ya kuokoa

Watu wanaposikia SORN inarudisha hela ya kodi macho yanawatoka. Taratibu. Kodi inarudishwa kwa miezi mizima tu, na ukija kuilipia tena unalipia kuanzia tarehe moja ya mwezi huo hata kama umelipa tarehe 29. Sasa tazama huyu anaondoka 10 Disemba anarudi 25 Januari, anaweka SORN siku ya safari. Disemba imeshaanza, hairudishwi. Wanamrudishia kuanzia Januari. Anarudi tarehe 25 Januari anataka gari aende kazini, anailipia kodi, inahesabiwa kuanzia 1 Januari. Amepata nini? Sifuri. Kahangaika na makaratasi wiki sita nje kaambulia sifuri.

Mwenzake kaweka SORN 28 Novemba, karudi kaitoa 1 Machi. Huyu kapata Disemba, Januari, Februari, miezi mitatu kamili. Kwa gari ya kawaida iliyosajiliwa baada ya Aprili 2017, kiwango kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa paundi 195 kwa mwaka, yaani kama 16 na senti kidogo kwa mwezi, kwa hiyo karudishiwa kama 48. Si haba, ni mafuta ya tenki moja dogo. Lakini wale wenye Prius za zamani kidogo na vigari vingine vyenye moshi mdogo wanaolipa 20 kwa mwaka mzima, ndugu yangu, unaokoa paundi tano kwa miezi mitatu, kanywe kahawa tu. Mwenye yale madude makubwa ya kabla ya 2017 yanayolipa zaidi ya 700 kwa mwaka huyo ndo akimbie, yake ni karibu 60 kila mwezi.

Kumbuka pia kama ulikuwa unalipa kidogo kidogo kwa dairekti debiti kuna asilimia 5 wanayoongeza, hiyo hairudi. Dairekti debiti yenyewe inasimama yenyewe ukishaweka SORN, usiende benki kuikata kwa mkono kwanza kabla hujaweka SORN maana hapo utakuwa umeacha gari bila kodi na bila tangazo, na faini yake inakuja yenyewe, 80, ukilipa haraka inakuwa 40.

Kwa kifupi chini ya miezi miwili mizima mimi nashauri uache kila kitu kama kilivyo. Wengine watabisha, poa, lakini wapige hesabu ya bima kwanza ndo wabishe.

Jinsi ya kuiweka

Tafuta logibuku, ile kadi ya gari tunavyoiita Bongo. Kuna namba ya tarakimu 11 humo ndani. Ingia kwenye GOV.UK yenyewe, tovuti ya serikali, weka namba ya gari na hizo tarakimu, imeisha. Usitafute kwa kubahatisha ukabonyeza cha kwanza kinachotokea, kuna vitovuti vya wajanja vinavyofanana na vya serikali vinakuchaji hela kwa kitu cha bure. Ukitumia namba ya logibuku SORN inaanza papo hapo, yaani dakika hiyo gari iwe imeshalala mahali pake, usiweke uko ofisini halafu unategemea kuiendesha jioni kurudi nayo. Kama kodi inaelekea kuisha na umeletewa barua ya kukumbushwa, ile ina namba ya tarakimu 16, ukitumia hiyo SORN inaanza tarehe moja ya mwezi unaofuata, na kwa anayetaka kuendesha mpaka siku ya mwisho wa mwezi hiyo ndo nzuri zaidi.

Huna logibuku? Unaagiza nyingine kwa paundi 25, ila ujue inachukua muda, kwa hiyo hili ni jambo la Oktoba si la usiku wa kuamkia ndege. Na anwani iliyopo humo iwe unayokaa sasa hivi. Wangapi tumehama nyumba mara tatu na logibuku bado inasoma kwa yule mama wa Slough uliyepanga chumba chake 2019? Hela ya kodi inakuja kwa cheki, kwa jina na anwani ya kwenye logibuku, kwa hiyo itaenda kumnufaisha nani sijui, au itakaa kwenye sanduku la barua mpaka ioze. Kutobadilisha anwani kwenyewe ni kosa, faini inaweza kufika 1,000. Halafu ukipata meseji kwenye simu inasema una hela ya kodi ya gari ya kurudishiwa bonyeza hapa, futa. DVLA hawatumi meseji za kukurudishia hela.

Gari ya mkopo unaweza kuiwekea SORN kama logibuku ina jina lako, ila soma mkataba, wengi wanataka bima kubwa iwepo muda wote deni halijaisha hata gari ikiwa imelala. Gari ya kukodi kwa miaka, ile ambayo mwisho unairudisha, logibuku iko kwa kampuni, hapo huna la kufanya, ni yao.

Sasa bima, na hapa twende polepole

Mpangilio ni huu na usiugeuze: SORN kwanza, uone imethibitishwa, ndo ufikirie kupunguza au kukata bima. Ukianza kukata bima, hata siku mbili tu kabla ya SORN, jina lako linaingia kwenye lile chekeche.

Lakini kukata bima yenyewe, jiulize mara tatu. Kampuni nyingi zina ada ya kuvunja mkataba, na kama ulikuwa unalipa kwa mwezi soma vizuri maana kuna wanaokudai salio. Ukivunja katikati ya mwaka ule mwaka wako wa kutodai fidia hauhesabiki, unapoteza punguzo ambalo ungelipata. Miaka uliyokusanya nyuma mara nyingi inakubalika mpaka miaka miwili bila bima, zaidi ya hapo unaanza moja kama mtoto aliyepata leseni jana. Mimi mara ya pili nilipoondoka nilivunja bima nikajiona mjanja, nikirudi nikakata mpya na bei ikawa imepanda kuliko niliyokuwa nayo, ukijumlisha ile ada ya kuvunja nilipata hasara kuliko ningeiacha tu iendelee.

Na gari ikiungua au ikiibiwa uwanjani haina bima, imeenda. SORN inakuruhusu kutokuwa na bima, haikulindi na mwizi, na kama unavyojua winta saa kumi jioni giza, mtaa kimya, kila mtu kajifungia ndani. Kwa hiyo kuna njia ya katikati, ipigie simu kampuni yako uwaambie gari naiweka SORN miezi mitatu, mnaweza kunishushia ibaki ya moto na wizi tu? Wengine wanayo hiyo bima ya gari lililolala, wengine hawana. Wasipokuwa nayo na safari yako ni fupi, iache bima kubwa iendelee.

Kwa anayebaki mtaani bila SORN kazi yake ni moja, hakikisha bima haitaisha ukiwa safari. Angalia tarehe. Ikiangukia katikati, piga simu kabla, wengi watakukatia mpya inayoanza siku ile inapoisha ya zamani. Usitegemee kwamba itajirudia yenyewe, kadi ya benki uliyowapa inaweza kuwa imeisha muda, na simu ya kukuuliza itaita kwenye laini ambayo umeizima uko Bagamoyo.

Mtego mwingine huu wa kifamilia. Mdogo wako anasema bro niachie funguo, mimi nina bima kubwa naruhusiwa kuendesha gari za watu. Kwanza si kila bima kubwa ina hicho kipengele, pili mara nyingi kina masharti kwamba gari hiyo nyingine iwe na bima yake, na hata kama anaruhusiwa yeye, gari yako bado haionekani kwenye daftari la bima. Kama kuna mtu atakuwa anaitumia, mwandikishe kwenye bima yako kwa jina. Na kama iko SORN, asiiguse. Hata kuitoa nje dakika tano kumpisha mtu wa kuzoa theluji. Kuendesha gari yenye SORN barabarani faini inaweza kufika 2,500, na kuendesha bila bima ni 300 na pointi 6, na kamera zinasoma namba zenyewe, haisubiriwi trafiki akusimamishe. Pointi 6 kwa mwenye leseni ya chini ya miaka miwili maana yake leseni inafutwa. Na sisi leseni za Bongo na Kenya hazibadilishwi hapa, unafanya mtihani upya, kwa hiyo wengi wetu hata kama umeendesha Scania miaka kumi na tano, kwa Uingereza wewe ni dereva mpya. Fikiria kurudia ule mtihani wa tiyori.

Kabla hujafunga mlango

Hapa siongezi sana. Jaza maji ya kuzuia kuganda, jaza upepo tairi kidogo zaidi, osha chini kuondoa chumvi ya barabarani maana ile ndo inayokula chuma, usiache hendibreki imevutwa miezi mitatu inaganda na breki, weka gia na vizuizi vya tairi. Betri ama iondoe ama mtu awe anaichaji. Usiache hata karanga ndani, panya wa hapa nao wanasikia baridi.

Ukirudi

Unageuza mpangilio kichwa chini miguu juu: bima kwanza, MOT pili, kodi mwisho. Kodi haikubali mpaka mfumo uone MOT, na bima mpya wakati mwingine inachelewa kuonekana kwenye daftari, kwa hiyo usikate saa moja asubuhi ukitegemea saa mbili uwe kazini. Kodi unaweza kuilipia hata ukiwa bado nyumbani, kwa simu, umekaa barazani, na kama unatua tarehe 27 jitahidi ungoje tarehe moja, siku chache za basi si mwisho wa dunia na umeokoa mwezi mzima. Ukilipa tu, SORN inajifuta yenyewe.

Kama MOT imeisha wakati imelala, unaruhusiwa kuiendesha bila kodi kwenda kwenye MOT uliyoipangia miadi kabla, bima iwepo. Miadi iwe ya kweli, imeandikwa kwenye kompyuta ya gereji, na unaenda moja kwa moja, si unapitia kwanza kununua unga wa ugali kwa Mhindi. Kipimo chenyewe kwa gari ndogo hakizidi 54.85.

Ukiamua kuiuza ikiwa imelala, SORN yako haimfuati mnunuzi, na yeye lazima aiwekee yake au ailipie kodi kabla hajaiondoa. Mwambie, wengi hawajui, wanakuja na rafiki na kamba.

Siku ya kwanza ya kutoka, kabla hujachukua funguo, ingia GOV.UK uweke namba ya gari yako kwenye ile sehemu ya kuangalia. Vinatokea viboksi viwili, kimoja cha kodi kimoja cha MOT. Vyote viwe kijani. Kimoja kikiwa chekundu, vua koti urudi ndani uchemshe chai.